Mlango ni Mmoja Tu: Kazi ya Mwaka ya Ofisi ya Fidia

Hotuba ya kamati ya tawi, iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka. Yachapwa hapa kwa faida ya wanachama waliokuwa zamu siku ile.



Kila mwaka katika mkutano huu mwasikia hesabu ya chama: ada zilizoingia, pesa zilizotumika, mashauri tuliyoshinda na yale yaliyotushinda. Hesabu hiyo mmekwisha kusomewa na mweka hazina, nasi hatutairudia. Leo kamati imetakiwa kueleza hesabu ya namna nyingine, yaani kazi inayofanywa mwaka hata mwaka na ofisi ya Serikali inayoshughulikia fidia ya wafanya kazi walioumia. Wengi wetu hatuijui ofisi hiyo mpaka siku tunapotoka damu. Siku hiyo mtu ana maumivu, watu wake wanalia, nyapara anataka mashine isafishwe kazi iendelee, na hakuna mwenye nafasi ya kusoma sheria. Basi yafaa tuisome leo tungali wazima.

Ofisi tunayoisema ni Idara ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Kazi. Mkubwa wake huitwa Mkurugenzi. Makao yake ni Nairobi, na maofisa wake wako katika kaunti. Hufanya kazi kwa sheria mbili za mwaka 2007. Ya kwanza ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo ni ya kuzuia ajali. Ya pili ni Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini, ambayo makarani na mawakili huiita WIBA, nayo ni ya kumlipa mtu ajali ikiisha kutokea.

SHERIA ILIVYOKUJA

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Sheria ya zamani ya fidia tuliirithi kutoka enzi za ukoloni. Chini yake mtu aliyeumia alikuwa na njia mbili. Aliweza kuchukua fidia iliyowekwa na sheria, au kumshtaki tajiri wake kortini kwa uzembe. Wengi walikwenda kortini. Wako waliopata pesa nzuri, na wako waliozunguka miaka mingi, wakashindwa kuthibitisha uzembe, wakarudi nyumbani na mkono mtupu, tena ule uliobaki.

Sheria mpya ilianza kutumika tarehe 2 Juni 2008. Ilibadili mambo matatu makubwa. Kwanza, aliyeumia kazini halazimiki tena kuthibitisha kwamba tajiri alikosea. Yatosha ajali iwe imetokea katika kazi na kwa sababu ya kazi. Pili, kila tajiri amelazimishwa kuwakatia wafanya kazi wake bima kwa kampuni iliyokubaliwa. Tatu, mfanya kazi hawezi tena kuanza kesi ya fidia kortini. Dai lake huenda kwa Mkurugenzi.

Jambo hilo la tatu lilizua mvutano mrefu. Chama cha Mawakili kilipinga sheria, na mnamo Machi 2009 Mahakama Kuu ikavifuta baadhi ya vifungu vyake. Kwa miaka iliyofuata kesi ziliendelea kupelekwa kortini kama zamani. Tarehe 17 Novemba 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha vingi katika vifungu hivyo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Tangu siku hiyo ubishi umekwisha. Korti imebaki kwa ajili ya rufani, yaani kwa mtu asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi.

Ndugu zetu, hilo ndilo neno kuu la hotuba hii. Zamani mlango mmoja ukifungwa, mtu aligonga wa pili. Sasa mlango ni mmoja tu. Kwa hivyo kila mwanachama hana budi kujua ulipo, jinsi unavyofunguliwa, na siku unapofungwa.

KAZI YA OFISI KATIKA MWAKA

Mwaka wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Katika miezi hiyo 12 kazi ya ofisi ina mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la kuzuia. Mahali pa kazi hapana budi kuandikishwa kwa Mkurugenzi, na cheti cha kuandikishwa hufanywa upya kila mwaka. Maofisa wana uwezo wa kuingia kiwandani, kukagua mashine, kuuliza watu maswali, na kuamuru kazi ya hatari isimame. Mahali penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya, ambamo wafanya kazi wana wajumbe wao. Na kila tarehe 28 Aprili huadhimishwa siku ya dunia ya usalama na afya kazini. Siku hiyo sisi wa vyama huwakumbuka wenzetu waliokufa kazini.

Fungu la pili ni la fidia, nalo huenda kwa hatua. Twaomba mzishike hatua hizi vichwani.

Hatua ya kwanza ni taarifa. Aliyeumia, au mwenzake kwa niaba yake, amwambie tajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Tajiri akiisha kujua, ana siku 7 za kumpa Mkurugenzi habari kwa fomu iliyowekwa. Angalieni vizuri: sheria haimpi tajiri ruhusa ya kuchagua ajali ya kupeleka na ya kuficha. Hata kama yeye aona kwamba umeumia kwa mambo yako mwenyewe, maadamu wewe umesema uliumia kazini, yampasa apeleke habari. Ubishi wake ataueleza huko mbele.

Hatua ya pili ni daktari. Fomu ina sehemu ya tajiri na sehemu ya daktari. Daktari huandika jeraha ni gani, mtu atakaa nje ya kazi muda gani, na kama atabaki na ulemavu wa kudumu, ni wa kiasi gani kwa mia.

Hatua ya tatu ni hesabu. Ofisi ya Mkurugenzi hulipima dai, hupiga hesabu, kisha hulipeleka kwa tajiri au kampuni ya bima. Hao wana siku 90 za kulipa.

Hatua ya nne ni malalamiko. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, awe mfanya kazi au tajiri, ana siku 60 za kuandika pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe. Akijibiwa na bado hakuridhika, ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Juu ya hatua hizo zote iko siku ya mwisho. Dai lazima lipelekwe katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo ikiwa mtu amefariki. Miezi 12, ndugu, si miaka.

HESABU YA PESA

Wengine wamekwisha kutuuliza: ofisi hupigaje hesabu? Tutaeleza kwa mfano.

Tuseme mwenzetu hupata mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ameumia, akakaa nyumbani miezi 3 kwa amri ya daktari. Kwa muda huo sheria yasema alipwe kiasi cha mapato yake. Malipo haya ni ya aliyezuiliwa na jeraha kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, na hayapiti miezi 12. Kwa mwenzetu huyu ni shilingi 60,000.

Baadaye daktari aona kwamba amebaki na ulemavu wa kudumu wa asilimia 10. Hapo hesabu huanza na mapato ya miezi 96. Mara 96 kwa shilingi 20,000 ni shilingi 1,920,000. Asilimia 10 ya hizo ni shilingi 192,000. Waziri aweza kuweka kima cha chini na kima cha juu, lakini njia ya hesabu ni hiyo. Aliyepoteza mikono yote miwili, au macho yote, huhesabiwa asilimia 100.

Gharama za matibabu ni mbali na pesa hizo. Tajiri hubeba gharama za haki za daktari, hospitali, dawa, uuguzi, safari ya kwenda kutibiwa, na hata mguu wa bandia ukihitajika. Wala yeye ndiye wa kutafuta gari la kumfikisha majeruhi hospitalini. Isiwe tena wenzake kuchanga nauli ya matatu na huku lori la kampuni limesimama uani.

Mtu akifa kwa ajali ya kazi, wanaomtegemea hulipwa fidia kwa msingi wa mapato ya miezi 96, na kuna malipo ya mazishi. Na sheria haihesabu ajali peke yake. Yako magonjwa ya kazi: ya mapafu kwa vumbi, ya ngozi kwa dawa kali, ya masikio kwa kelele. Mtu anayekohoa mwaka wa tatu katika chumba cha vumbi asidhani hiyo ni homa yake mwenyewe. Na amwambie daktari kazi anayoifanya, maana daktari asipoambiwa hataiandika.

WAWILI WALIOUMIA KATIKA MASHINE MOJA

Sasa tueleze mambo yaliyotupata sisi wenyewe. Kiwanda hatutakitaja, wala wenzetu hao hatutawataja.

Katika kiwanda kimoja iko mashine ya kukata ambayo kinga yake ilikuwa imefunguliwa ili kazi iende upesi. Ilimkata mwenzetu mmoja vidole viwili. Tajiri alilipa hospitali, akampa maelfu machache, akamwambia, "Haya tutayamaliza wenyewe, usiwaingize watu wa nje." Akapewa kazi nyepesi ya kufagia. Alishukuru, maana aliogopa kufukuzwa. Kamati ya tawi tulisikia habari zake pembeni, tukanyamaza kwa kuwa mwenyewe hakusema kitu. Miezi michache baadaye mkataba wake ulikwisha, nao haukufanywa upya. Akarudi nyumbani. Alipokuja kwetu ulikuwa mwezi wa 14. Tulipoipeleka habari yake ofisini tuliambiwa muda umepita, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba mtu huyo aliwahi kuumia.

Mashine ile ile, na kinga yake bado haikurudishwa, ilimkata mwingine. Yeye naye aliambiwa maneno yale yale. Lakini mkewe alizitunza risiti zote za hospitali katika mfuko wa unga, na katika risiti hizo limeandikwa jina la aliyelipa, yaani kampuni. Walikuja kwetu katika mwezi wa 11, zimebaki wiki tatu. Tulikwenda na mfuko ule ule. Tajiri hakuweza kusema hakujua habari za ajali, maana mkono wake ndio uliolipa. Dai likaandikwa, daktari akapima, hesabu ikapigwa. Pesa hazikuja katika siku 90. Tulifuata miezi mingi zaidi, tukaandika barua baada ya barua. Lakini zilikuja. Leo watoto wake wako shule.

Vidole vya wote wawili vilikatwa na kisu kimoja. Mmoja alilipwa, mwingine hakulipwa, na tofauti yao ni karatasi na miezi mitatu. Lawama si ya tajiri peke yake. Sisi kamati tulisikia tukakaa kimya, nalo ni kosa letu, na mbele yenu twalikiri. Tena fikirini: kama ajali ya kwanza ingeandikwa, ofisa angekuja kuikagua mashine. Kinga ingerudishwa. Huenda vidole vya yule wa pili vingekuwapo hata leo.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba hesabu ya mwaka ya ofisi ile haiwezi kuwa kweli kuliko sisi tunavyosema kweli. Ofisi huhesabu iliyoletewa. Ajali isiyopelekwa haimo katika kitabu. Serikali ikifungua kitabu ikaona kiwanda kina ajali chache, haitaona haja ya kukipelekea mkaguzi.

PALIPO NA KASORO

Hatukuja hapa kuisifu sheria tu. Mlango ni mmoja, na mlango huo wakati mwingine ni mwembamba. Kasoro ziko tatu.

Ya kwanza ni bima. Sheria yamlazimisha tajiri kuikata, lakini wako wasioikata. Wa namna hiyo akishindwa kulipa, au akifunga biashara akahama, mfanya kazi amfuate wapi?

Ya pili ni kumlazimisha asiyelipa. Sheria yataja siku 90, lakini haikueleza waziwazi siku ya 91 mfanya kazi aende wapi akapate nguvu ya kukamata mali. Kwa miaka kadhaa majaji wenyewe walitofautiana, wengine wakisema korti yaweza kuupokea uamuzi wa Mkurugenzi kama hukumu yake, na wengine wakisema haiwezi. Watu wakawa na karatasi ya haki mfukoni na njaa nyumbani.

Ya tatu ni vibarua. Wako matajiri wanaosema kwamba kibarua hana fidia, eti kwa sababu hana barua ya kazi. Si kweli. Aliyeajiriwa kwa ujira ni mfanya kazi, na damu yake haina cheo.

Tazameni jirani zetu wa Tanzania. Kwa sheria yao ya mwaka 2008 walianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kupokea michango mwezi Julai 2015. Kila tajiri huchangia mfuko wa Serikali kwa kiasi cha mishahara anayolipa, wala mfanya kazi hakatwi. Anayebaki na ulemavu wa kudumu unaopita asilimia 30 hulipwa pensheni kila mwezi, si pesa za mara moja. Hatusemi kwamba kule hakuna malalamiko. Lakini aliyeumia adai kwa mfuko mmoja unaojulikana, hamkimbilii tajiri mmoja mmoja. Na pesa za kila mwezi haziliwi na jamaa katika wiki moja, kama tulivyoona mara nyingi kwetu.

Kamati yaleta mbele ya mkutano shauri hili: chama chetu, pamoja na vyama vingine, kidai Serikali ifikirie mfuko wa namna hiyo hapa Kenya. Na wakati tungali twangoja, kidai maofisa waongezwe katika kaunti, na sheria itamke waziwazi jinsi asiyelipa atakavyolazimishwa.

LA KUFANYA KUANZIA KESHO

Shauri hilo litachukua muda. Lakini yako mambo ambayo hayangoji Bunge.

1. Ukiumia, hata kidogo, sema siku hiyo hiyo mbele ya shahidi. Mwambie msimamizi, kisha mwambie mjumbe wa chama.

2. Andika tarehe, saa, mashine gani, nani aliona. Daftari la mtoto la shule latosha.

3. Tunza kila risiti, kila cheti cha daktari, na karatasi za mshahara. Bila karatasi ya mshahara, mapato yako yatakuwa yale atakayoyataja tajiri.

4. Usitie sahihi karatasi ya "nimesamehe" au "nimemalizwa" kabla ya kuileta kwetu. Usiogope kuonekana mkorofi. Sema tu, "Nitaisoma kwanza."

5. Siku 7 zikipita nawe huna hakika kwamba habari imefika kwa Mkurugenzi, njoo chamani. Twaweza kwenda ofisini sisi wenyewe kwa niaba yako.

6. Waambie watu wa nyumbani unafanya kazi wapi, na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto viko wapi. Mjane asianze kutafuta vyeti siku ya matanga.

7. Mjumbe wa kila idara alete kwa katibu, kila mwisho wa mwezi, orodha ya walioumia, hata kama ni "hakuna." Tutaiweka katika kitabu cha tawi. Mwaka ujao katika mkutano kama huu tutawasomea kitabu hicho: wangapi waliumia, wangapi walipelekwa, wangapi walilipwa, na nani bado anangoja.

Jambo hilo la saba ndilo ahadi ya kamati kwenu. Hatutaki mwaka mwingine tusimame hapa tukieleza habari za mtu aliyekuja mwezi wa 14. Na kama tutaumbuka, tuumbuliwe kwa kitabu chetu wenyewe, si kwa uvumi.

Yule ndugu yetu wa kwanza alituomba tuwafikishie neno lake, nasi tulimwahidi. Hakutaka michango wala huruma. Alisema, "Waambieni mimi nilinyamaza nikidhani naitunza kazi. Sasa kazi sina, na vidole sina." Maneno yake ni mafupi kuliko hotuba yetu, na huenda yakafaa zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Maswali tutayajibu, na fomu za mfano ziko mezani kwa katibu. Asiyejua kusoma asione haya. Akae karibu na mwenzake asomewe.

Umoja ni nguvu.